Shajara ya mradi: vikapu vya mboga za kilimo hai kutoka Tengeru hadi Arusha mjini

Agosti na Septemba: hesabu kabla ya jembe

Mradi umepangwa kwa kaya 40, kikapu kimoja kila Jumanne, kilo 6 kila kikapu. Mboga zinatoka kwenye mashamba madogo ya miteremko ya Meru upande wa Tengeru. Wateja wako Njiro, Kijenge, Moshono, Sakina na Ilboru, na wachache Usa River. Malipo ni ya mwezi mzima, yanatumwa kwa simu mwanzoni mwa mwezi. Mabadiliko ya oda yanafungwa Jumapili saa kumi na mbili jioni.

Sharti la kulipa kabla ndilo linalobeba faida karibu zote za mpango huu. Mboga ya kikapu ina mwenyewe kabla haijakatwa. Mkulima anayepeleka Soko la Kilombero huvuna kwanza, kisha akatafuta mnunuzi, na kila saa inayopita majani yanasinyaa na bei inashuka. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hana haraka. Kwa mazao ya gunia kuna na lumbesa: gunia linajazwa mpaka kichwa kinazidi mdomo, halafu linalipwa kama gunia moja. Kikapu kinapimwa kwa mizani, shambani na mahali pa kufungashia, na uzito unaandikwa.

Kikapu cha kawaida tulikipanga hivi: mafungu manne ya majani yenye gramu 300 kila moja, nyanya kilo 1.2, vitunguu gramu 800, karoti gramu 700, matango gramu 600, ngogwe (nyanya chungu) gramu 400, pilipili hoho gramu 300, na gramu 800 za boga au viazi kutegemea msimu. Giligilani huongezwa bila kupimwa.

Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mteja, ni mboga za aina nyingi. Ukiitazama kwa jicho la udongo, mambo yanabadilika. Nyanya, ngogwe, hoho, viazi mviringo na mnafu ni familia moja, na bilinganya naye ni ndugu yao. Mteja anayetaka vyote hivyo kila wiki anadai kitu kilekile mara tano kutoka kwenye udongo uleule: mnyauko bakteria, minyoo fundo ya mizizi na kantangaze (mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya) vinahama kutoka zao moja hadi jingine bila kubadilisha chakula. Sukuma wiki, kabichi, chainizi, figili na brokoli nazo ni familia moja. Familia hizo mbili zikiachiwa, zinajaza shamba lote.

Kwa hiyo shamba limegawanywa vipande vinne, na hakuna familia inayorudi kwenye kipande chake kabla ya vingine vitatu kupita:

- jamii ya nyanya;
- jamii ya kabichi na sukuma wiki;
- kunde, maharage na njegere, zikifuatiwa na boga, matango na zukini;
- karoti, giligilani, vitunguu, saladi, mchicha na spinachi.

Hapa ndipo kikapu kinapoisaidia ardhi kwa namna ambayo soko haliwezi. Mzunguko wa mazao unahitaji kunde, mchicha na figili zipandwe kwa zamu yake hata mwezi ambao nyanya ina bei kubwa. Anayeuza sokoni atashawishika kupanda nyanya juu ya nyanya, na ni vigumu kumlaumu. Anayejaza vikapu 40 vya mchanganyiko ana mnunuzi wa kila kipande.

Hesabu ya matuta inaanzia kwenye kikapu na kurudi nyuma. Sukuma wiki gramu 300 mara 40 ni kilo 12 kwa wiki. Mche uliokomaa tunaukadiria utoe majani matatu kwa wiki bila kudhoofika, karibu gramu 100, kwa hiyo miche 120. Tumeongeza robo kwa ajili ya wadudu na miche dhaifu: miche 150. Kwenye tuta la upana wa mita 1.2, mistari miwili, nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche, hiyo ni mita 34 za tuta. Karoti kilo 28 kwa wiki, kwa makadirio ya kilo 2 hadi 2.5 kwa mita ya mraba, zinataka mita za mraba 11 hadi 14 *kila wiki*. Karoti ndiyo inayowashtua wengi, kwa sababu ina hamu kubwa ya ardhi na inakaa miezi mitatu.

Vitunguu tumeamua kutovilima vyote. Vinavunwa kwa mkupuo na vinahifadhika, hivyo vinanunuliwa kwa wakulima wa kikundi wenye nafasi kubwa zaidi.

Oktoba: mbegu, mboji, kitalu

Mbegu zenye rangi ya waridi, buluu au kijani zimepakwa dawa ya ukungu, na kwa kilimo hai hazifai. Inabidi kuuliza mapema, maana maduka mengi ya pembejeo huweka hizo tu. Kwa nyanya tumechukua Tengeru 97 na Tanya, ambazo si chotara, kwa hiyo mbegu yake inaweza kukamuliwa na kutunzwa kwa msimu ujao. Kwa ngogwe, mnafu na mchicha, bahati ya kukaa Tengeru ni kuwa jirani na kituo cha World Vegetable Center, ambacho kimefanya kazi ya kuboresha mboga za asili za Afrika kwa miaka mingi. Ngogwe aina ya Tengeru White na mnafu wa Nduruma vimetokana na kazi hiyo.

Mboji: rundo la upana wa mita 1.5 na kimo kama hicho, tabaka za mabua makavu, majani mabichi ya alizeti pori, samadi ya ng'ombe wa ndani na udongo kidogo. Fimbo ndefu inachomekwa katikati. Ikichomolewa baada ya siku nne au tano inatakiwa iwe ya moto kiasi cha kutoweza kuishika kwa muda, na yenye unyevu. Ikiwa ya moto lakini kavu, rundo linaungua jeupe ndani, basi lifunuliwe na kumwagiwa maji. Ikiwa baridi na inanuka, limeloa mno au halina hewa: ligeuzwe na kuongezewa mabua. Joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya tumbo.

Samadi mbichi haiingii kwenye tuta la saladi wala karoti. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa yale yasiyogusa. Tumechukua kipimo hichohicho, kwa sababu saladi na giligilani zinaliwa bila kupikwa.

Ratiba ya kupanda ni ya vipande vidogo vidogo. Mchicha kila wiki, kwa kuwa unang'olewa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Saladi kila wiki mbili. Karoti kila wiki mbili, na zipunguzwe mapema zibaki sentimita 5, la sivyo zinatoka zimesokotana. Nyanya kila wiki tano. Mradi wa vikapu unaoanza kwa kusia kila kitu siku moja utakuwa na wiki mbili za neema na wiki sita za kuomba radhi.

Novemba na Desemba: vikapu vya kwanza

Siku ya mavuno inaanza saa kumi na mbili asubuhi kwa majani, kabla jua halijayagusa. Nyanya, matango na hoho zinasubiri umande ukauke, kwa sababu kushika mimea iliyolowa kunasambaza ukungu na bakteria kutoka mche hadi mche. Karoti zinang'olewa Jumatatu jioni, majani yake yanakatwa yakibaki kisiki cha sentimita moja. Karoti yenye majani inapendeza machoni, ila majani yanaendelea kunyonya maji ya mzizi na siku ya pili karoti inapinda kama mpira.

Majani yanatumbukizwa kwenye maji safi ya baridi kivulini kwa dakika chache, kisha yanasimamishwa wima kwenye kreti yachuje. Hatua ya kuchuja ndiyo inayorukwa watu wakiwa na haraka. Majani yenye maji yakirundikwa na kufunikwa yanapata joto ndani, na jioni mteja anakuta mchicha una utelezi. Maji ya kuoshea yanabadilishwa yakianza kuwa na rangi. Ndoo moja chafu inaweza kuchafua mafungu 160.

Mpangilio wa kikapu: chini viazi au boga, karoti na vitunguu. Juu yake matango, hoho na ngogwe. Kisha nyanya, za kuiva leo na za kuiva Ijumaa zikichanganywa kwa makusudi. Majani yanakaa juu kabisa, yamesimama. Likiwapo parachichi au ndizi mbivu, zinawekwa kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayofanya majani kuwa ya njano na karoti kuwa chungu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na kwa mradi huu hilo halikuwa pigo. Chombo kinazunguka: kilichojaa kinashushwa, kitupu kinachukuliwa. Kwa kaya 40 vinahitajika vyombo 80, na asilimia 10 ya ziada kwa vinavyochelewa kurudi: 88. Vikapu vya ukindu vinapendwa na wateja, lakini vikirudi na unyevu vinashika ukungu katika siku mbili, na ukindu hausuguliki vizuri. Tumebakiza ukindu kwa vitu vikavu. Majani na nyanya vinasafiri kwenye kreti ndogo za plastiki zinazooshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Amana ya chombo inalipwa na oda ya kwanza. Bila amana, vyombo hugeuka kuwa vya kuwekea nguo chafu.

Usafiri: kirikuu moja inashusha vikapu vyote vya mjini saa nne asubuhi, kisha bodaboda mbili zinagawana njia, moja Njiro, Kijenge na Moshono, nyingine Sakina na Ilboru. Usa River inahudumiwa moja kwa moja kutoka shambani, kwani ni upande wa pili. Bodaboda inabeba vikapu vinane kwa mkupuo. Ukiongeza cha tisa, nyanya ndizo zinazolipa. Mzigo unafunikwa kwa gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa.

Januari na Februari: joto

Kibanda cha mkaa cha kupozea mboga kimefanya kazi yake miezi hii. Kuta ni nyavu mbili za waya zenye nafasi ya sentimita 10 katikati, zimejazwa mkaa, na juu yake bomba lenye matundu linadondosha maji. Upepo mkavu ukipita kwenye mkaa wenye maji, hewa ya ndani inapoa. Kuna mambo mawili ya kujua. Chenga za mkaa zinaziba njia ya hewa, hivyo mkaa uchekechwe kwanza. Na nyanya na matango visiwekwe kwenye friji yenye baridi chini ya nyuzi 10 kwa kisingizio cha kuvitunza: nyanya zinapoteza ladha, matango yanapata mabaka yenye maji. Kibanda kinavifaa, friji ya nyumbani inavifaa kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Maelekezo hayo sasa yamo kwenye kikaratasi cha ndani ya kikapu.

Kantangaze alionekana mapema kwenye nyanya. Mitego yenye harufu ya nondo jike, inayowavuta madume, imetundikwa usawa wa ncha za mimea, na inapandishwa mimea inapokua. Majani yenye vijia vyeupe yanachumwa mara mbili kwa wiki na kuwekwa kwenye mfuko uliofungwa, unaoachwa juani. Kuyatupa kwenye rundo la mboji ni kumlea. Dawa ya *Bacillus thuringiensis*, bakteria wanaoua viwavi, inapigwa jioni, kwenye viwavi wadogo kabla hawajazama ndani ya jani au tunda. Mnafu uliokuwa karibu na nyanya umehamishwa, kwa kuwa mdudu huyu anaishi humo pia.

Vidukari na nondo wa kabichi vinashughulikiwa kwa mwarobaini: gramu 500 za kokwa zilizotwangwa, lita 10 za maji, vinalala usiku kucha, vinachujwa kwa kitambaa, na kijiko cha sabuni ya mche iliyoyeyushwa kinaongezwa ili dawa ishike kwenye jani. Inapigwa jua likizama, chini ya majani. Wanaolalamika kwamba mwarobaini haufanyi kazi mara nyingi wameupiga asubuhi, jua likauvunja nguvu mchana huohuo, au wametumia kokwa zilizokaa na kuota ukungu. Tengeru hakuna mwarobaini wa kutosha, hivyo kokwa zinatoka sehemu za joto kama Dodoma.

Miche miwili ya nyanya ilinyauka mchana ikiwa bado kijani. Kabla ya kuhukumu, shina linakatwa na kutumbukizwa kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa, ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa. Hilo lilitokea. Mimea ile na jirani zake iling'olewa na mizizi yake, majembe yakaoshwa, na kipande kile kimefungwa kwa jamii yote ya nyanya kuanzia msimu ujao.

Machi hadi Mei: masika

Mvua ikianza kukaa, kibanda cha mkaa hakisaidii tena. Hewa ikishiba unyevu, maji hayakauki kwenye mkaa, na bila kukauka hakuna kupoa. Dawa ni kufupisha muda: mavuno yanaisha saa mbili na nusu, kirikuu inaondoka saa tatu.

Bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa nyanya, ndiye mwenye masika. Majani yakikaa na maji usiku kucha na hali ikiwa ya ubaridi, shamba la nyanya linaweza kuwa jeusi ndani ya wiki moja. Nyanya za masika ziko chini ya paa la nailoni lenye pande wazi, nafasi imeongezwa kufika sentimita 90 kwa 60, majani ya chini yameondolewa hadi kimo cha goti, na maji yanaenda shinani tu. Dawa za shaba zinaruhusiwa kwa kikomo, na zinapigwa kabla ya ugonjwa, kwani baada yake ni kupaka rangi tu. Hata hivyo nyanya zimepungua, na kikapu kimebadilishwa: nyanya gramu 500 badala ya kilo 1.2, na pengo likajazwa kwa boga, majani ya maboga, kunde mbichi na chainizi.

Hapo ndipo bei ya kudumu inapopimwa. Sokoni nyanya za masika hupanda, majani huporomoka kwa wingi wake. Bei ya kikapu haikubadilika. Mteja alilipa nyanya chache kwa bei ileile, lakini Februari alikuwa amepata nyingi. Mkulima alikosa faida ya kupanda kwa nyanya, lakini mchicha wake haukulishwa ng'ombe. Wateja waliolielewa hili tangu siku ya kujiunga hawakulalamika. Wanaojiunga sasa wanapewa kalenda ya mwaka mzima kabla ya kulipa.

Mboga zisizozoeleka zinahitaji maelezo, la sivyo zinaishia jalalani. Kikaratasi cha wiki kimesema wazi: majani ya maboga yamenywe nyuzi za shina kwanza, mnafu uchemshwe, maji ya kwanza yamwagwe kwa asiyependa uchungu, kisha uungwe kwa maziwa au karanga, ngogwe zisikatwe mapema, zinabadilika rangi. Pia kuna kreti ya kubadilishana kwa kila bodaboda: mteja anaacha fungu asilolitaka na kuchukua jingine, moja tu. Kreti hiyo inatupa taarifa bora kuliko maswali yoyote. Figili ndiyo inayoachwa zaidi, kwa hiyo imeshushwa hadi mara moja kwa mwezi.

Juni: baridi, fedha na alama

Karoti na kabichi zinaenda polepole, wiki mbili zaidi kuliko Februari. Shule zikifungwa baadhi ya kaya husafiri. Taarifa ya kusimamisha inatakiwa saa 48 kabla ya siku ya kupeleka, na kikapu kinahamia mwezi unaofuata. Kipindi cha Ramadhani oda hugeuka: viazi vitamu, matango, ndimu na giligilani zaidi, majani kidogo. Hilo linapangwa wiki kumi kabla, si baada ya mwezi kuandama.

Mgawo wa kila shilingi 100 ya kikapu: 60 kwa mkulima, 15 usafiri, 10 kuosha na kufungasha, 5 vyombo, 10 akiba ya hasara na gharama za simu. Usafiri ndio unaotafuna. Vikapu vitano vya mtaa mmoja vinagharimu kidogo kuliko viwili vya mitaa miwili, hivyo wateja wapya wanapokelewa kwa mtaa. Aliye peke yake mbali anachukulia kituoni.

Alama ya Kilimohai ya kutambulisha mazao ya kilimo hai, iliyozinduliwa 2007 pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, inaweza kutumiwa na vikundi vinavyokaguana vyenyewe, bila kulipia mkaguzi wa nje ambaye gharama yake ingemeza mradi mdogo. Kwa Tanzania utaratibu unaratibiwa na TOAM, shirika la kuendeleza kilimo hai Tanzania. Kikundi kinapitia shamba la kila mwanachama kwa fomu: ramani, mazao yaliyotangulia, pembejeo zilizoingia na risiti zake, na mpaka wa jirani anayepiga dawa za viwandani. Mpaka ndio wenye ubishi. Ua wa matete au mabingobingo unapunguza dawa inayopeperushwa na upepo, ila mtaro wa maji yanayotoka kwa jirani unahitaji kuchepushwa.

Kwenye maelezo kwa wateja tumeondoa mambo mawili. Hatusemi mboga hizi zina virutubisho vingi kuliko nyingine. Tofauti inayoonekana wazi ni mabaki ya viuatilifu, pamoja na vitamini C ambayo majani huipoteza haraka yakikaa kwenye joto, na hiyo ni faida ya kuvunwa leo, si ya kilimo hai peke yake. Wala hatusemi kikapu kinaokoa mazingira kwa sababu ya umbali mfupi: bodaboda inayopeleka kikapu kimoja Ilboru inachoma mafuta mengi kwa kilo kuliko lori lililojaa. Hoja hiyo inasimama pale tu njia inapokuwa imejaa.

Yanayofuata

Paa la pili la nailoni kabla ya vuli. Mbegu za Tengeru 97 zichachushwe kwenye maji yake siku mbili, zioshwe, zianikwe kivulini na kufungwa kwenye karatasi zenye tarehe. Maji ya kuoshea yapelekwe maabara, na ya kisima kipya yapimwe kabla hayajaunganishwa. Vyombo tisa havijarudi. Orodha iko kwa waendesha bodaboda. Kaya sita zinasubiri kujiunga: nne za Njiro zinaingia Julai, mbili zilizoko peke yake zisubiri majirani.